Kilio Kilichosambazwa

Kule Tanga, Imad alikuwa mshereheshaji wa harusi, na hakuwa wa kubahatisha. Akishika kipaza sauti, hata mama mkwe aliyenuna tangu asubuhi angecheka. Watu hawakupanga tarehe kabla ya kumwuliza kama ana nafasi. Kisha akaja Sydney kumfuata mkewe, Fawzia, aliyetangulia kwa kazi ya kuhudumia wazee, na huku hakuna aliyemjua. Alipata kazi ya kuendesha foklifti kwenye ghala moja la Ingleburn. Msimamizi wake alimwita Ahmed, kwa sababu kabla yake alikuwapo Ahmed, na Imad akachoka kumsahihisha.

Majira ya baridi ya mwaka 2021, korona ya Delta ilipoingia mjini, ghala likapata wagonjwa, likafungwa. Baadaye vitongoji vya magharibi vikabanwa kuliko vingine: barakoa hata barabarani, usitoke zaidi ya kilomita tano, magari ya polisi yakipita taratibu yakichungulia watu. Fawzia aliendelea kwenda kazini, maana wazee walihitaji kuogeshwa na kulishwa, korona iwepo isiwepo. Imad akabaki kwenye fleti yao ya ghorofani huko Mount Druitt pamoja na binti yao Umi, aliyekuwa akisoma kwa kompyuta chumbani na kujibu kwa Kiingereza kila alipoulizwa kwa Kiswahili.

Ndipo Imad alipoanza video.

Mwanzo lilikuwa jambo jema, na Fawzia mwenyewe ndiye aliyemhimiza. Kila siku saa tano asubuhi serikali ilitangaza idadi ya wagonjwa na masharti mapya, na katika jengo lao tu walikuwamo Wakongo na Warundi wengi ambao Kiingereza kile cha haraka kiliwapita. Imad alikaa kwenye meza ya jikoni, kavaa koti la harusi juu na suruali ya kulalia chini, akawaeleza yote kwa Kiswahili kilichonyooka. Alieleza namna ya kuweka miadi ya chanjo, ukianza hapa unakwenda pale, bila haraka. Ilikuwa kazi nzuri. Watazamaji hawakufika mia, na wengi wao walikuwa shangazi zake wa Tanga, ambao hawakuwa na haja na chanjo ya Sydney.

"Wamenitumia maua," alimwambia Fawzia, akimwonyesha simu. "Maua tu. Kama maiti."

Alikuwa na rafiki, Maxwell, Mkenya aliyewahi kufanya naye kazi ghalani kabla ya kupata kazi ya ofisini ya kutangaza maduka mtandaoni. Jioni moja Imad akampigia na kuweka simu kwenye spika. Fawzia alikuwa pembeni akipiga pasi sare zake.

"Buda, video zako ziko poa, lakini hazina kitu," Maxwell alisema. "Mtu akielewa kitu, anashukuru, anaenda zake. Hatumii mtu. Unajua watu hutuma nini? Kitu imewaudhi. Kitu imewatia kichefuchefu. Hiyo mtu hawezi kukaa nayo peke yake, lazima amtumie mwenzake."

"Kama mafua," alisema Fawzia.

Maxwell akacheka. "Hapo umesema, Mama Umi! Na zile sekunde za kwanza ndizo hizo. Usianze na asalaam aleikum, karibuni wapendwa watazamaji. Washaenda. Anza na uso wa mtu, kelele, mtu anaanguka. Wajiulize, hii ni nini? Na usiwaambie. Ukiwaambia, stori imeisha. Waachie nafasi kila mtu aweke maana yake."

"Na nikikosea?"

"Kosea kabisa! Kosea makusudi. Watu wataacha kazi zao waje kukurekebisha."

Kesho yake Imad akapika kile alichokiita pilau halisi ya pwani, akamimina sosi ya nyanya ya chupa mbele ya kamera, akakoroga. Watu wa Mombasa wakamtukana. Watu wa Unguja wakawatukana wa Mombasa kwa kudhani pilau yao ni bora. Mtu mmoja wa Muscat aliandika kwamba amelia. Video ile ikazunguka, na Fawzia alicheka mpaka akashika mbavu.

Lakini haikuishia kwenye pilau. Imad alianza kuigiza lafudhi ya jirani zao Wakongo. Akarekodi wanawake wawili wakigombania karatasi za chooni dukani. Akamrekodi mzee wa Kizungu aliyekuwa akikohoa kwenye foleni, jasho likimtiririka, watu wakimkimbia. Fawzia hakucheka tena. Aliona mumewe anakula na simu kando ya sahani, kidole gumba kikivuta skrini chini na kuachia, kikivuta na kuachia, kutazama namba imepanda kiasi gani. Akisemeshwa, alijibu baada ya kuachia.

Chini yao waliishi Warundi wawili wazee, Goreth na mumewe Vénérand. Walikuwa wamekaa miaka mingi kambini Kigoma kabla ya kuletwa Australia, ndiyo maana walikijua Kiswahili. Vénérand ndiye aliyekuwa akiitengeneza baiskeli ya Umi kila ilipokatika mnyororo. Goreth alikaa na ufunguo wao wa akiba. Mwezi wa Agosti Vénérand akaugua, wahudumu waliovaa mavazi ya plastiki wakaja kumchukua, na Goreth hakuruhusiwa kupanda gari la wagonjwa. Alifungiwa ndani mpaka muda wake wa karantini ukaisha. Mumewe alikuwa bado hospitali, akipumua kwa mashine.

Siku Vénérand alipofariki, Fawzia alikuwa kazini. Aliporudi jioni alimkuta Imad kajiinamia mezani.

"Mzee Vénérand ametangulia," alisema. "Walimpigia Mama Goreth simu akiwa uani, anaanika nguo. Nilimwona. Mwili ulinisisimka, Fawzia."

Fawzia alilia, kisha akapika wali na maharage ya nazi. Imad mwenyewe akaibeba sufuria, akaiweka mlangoni kwa Goreth, akabisha, akarudi nyuma kama sheria ilivyotaka. Fawzia alimtazama kutoka juu ya ngazi, akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kumpa mume mwenye huruma.

Siku mbili tatu baadaye, wakati wa mapumziko kazini, Abigail alimletea simu. Abigail alikuwa nesi, Mkenya, mtu mchangamfu asiyeweza kunyamaza na jambo.

"Hii umeiona? Imetumwa kwa group ya kanisa, group ya manesi, kila mahali."

Video ilianzia katikati ya ukelele. Haikuwa na mwanzo. Mwanamke alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, barakoa imeshuka kidevuni, anaipiga saruji kwa viganja vyote viwili. Kisha akalala chini. Alikuwa akisema maneno, yale yale, tena na tena, katika lugha ambayo Fawzia hakuifahamu. Kitenge chake kikafunguka, paja likabaki wazi pamoja na gaguro lililofifia, na hapo picha ikasogea karibu. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika maneno ya Kiingereza kama tafsiri: Wamemchoma mume wangu sindano ya korona, wamemuua. Wanatumaliza sisi Waafrika.

Pembeni yake vikatuni vya kucheka machozi vilikuwa vikipanda juu kama mapovu ya sabuni.

"Wengine wanasema ni drama, eti amelipwa," alisema Abigail. "Wengine wameshaiwekea muziki. Ngoja nikuonyeshe ile ya..."

Fawzia hakumsikia. Nyuma ya mwanamke yule, kwenye kamba ya kuanikia nguo, alikuwa ameona sare ya zambarau, mkono mmoja umebanwa kwa kibanio, mwingine unaning'inia. Kando yake shati la shule. Ilikuwa sare yake mwenyewe. Lilikuwa shati la Umi. Na vyote vilionekana kutoka juu, kwa upande, kama vinavyoonekana kutoka dirisha moja tu katika jengo zima, dirisha la jikoni kwake.

Fawzia alikuwa mtu wa kuosha vinyesi vya watu wazima. Alibadilisha nepi, alisafisha vidonda vya mgongoni vyenye harufu, alipokea matapishi kwa mikono miwili, na akitoka hapo alikula chakula chake vizuri. Siku ile mate yalimjaa mdomoni. Alikwenda kwenye sinki akatema, akafungua maji, akatema tena.

"Unamjua?" Abigail aliuliza nyuma yake.

"Ni jirani yangu. Mumewe hakuchomwa sindano yoyote. Miadi yake ilikuwa bado, akaugua."

Abigail akaigeuza simu, akailaza kifudifudi mezani.

Imad alikuwa jikoni Fawzia aliporudi.

"Uliichukua wewe," alisema kabla hata ya kuvua viatu.

Imad hakukana. "Umeiona wapi? Imefika wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Imefika wapi.

"Imefika kazini kwangu."

"Hata Brazil imefika. Imepita milioni, Fawzia. Milioni! Mimi, Imad!"

"Ifute."

"Nisikilize kwanza. Sikutaja jina la mtu. Yale maneno ya sindano si yangu, wameyaweka watu huko, mimi siwajui. Mimi niliandika tu 'Uchungu wa korona, Sydney', nikaweka na viganja vya dua. Dunia nzima inalia pamoja naye."

"Inacheka."

"Wengine wanacheka, wengine wanalia. Watu ndivyo walivyo."

"Mwenzako yuko chini pale anagaragara, wewe uko dirishani. Kwa nini hukushuka?"

"Sheria. Mita moja na nusu."

"Ungeshuka ukasimama mita moja na nusu."

Imad akatazama pembeni.

"Na pale kitenge kilipofunguka," Fawzia alisema, sauti imeshuka sasa, "picha ilisogea karibu. Simu haisogei yenyewe, Baba Umi. Nani aliisogeza?"

Badala ya jibu, Fawzia akakiona kidole gumba cha mumewe, juu ya meza, kinavuta skrini chini na kuachia. Wala hakujua kama anafanya. Alikuwa akitazama namba huku mkewe anamwuliza habari ya paja la mjane.

Ilikuwa kama mtu aliyekunywa chai gizani akakuta nzi ulimini. Fawzia aliuona mdomo wa Imad, ndevu alizozichonga kwa ajili ya kamera, ukucha wa kile kidole, na kila alichokiona kilimtia kinyaa. Umi alikuwa amesimama mlangoni, vipokea sauti shingoni.

"Shule nzima wanayo," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alisema kwa Kiswahili. "Baba, ni Bibi Goreth yule."

Hata hivyo Imad hakuifuta.

Kwenye ghorofa yao, mlango wa mkabala, aliishi mzee Murhula, Mkongo wa Bukavu mwenye ugonjwa wa sukari. Fawzia ndiye aliyemwekea miadi ya chanjo. Alipokwenda kumkumbusha, Murhula alifungua mlango kiasi cha mnyororo.

"Mimi siendi," alisema. "Nimeona video. Mama Goreth mwenyewe analia, anasema ni sindano."

"Mzee Vénérand hakuchanjwa, baba. Alikuwa anangoja zamu yake kama wewe."

"Wewe unajua Kirundi?"

"Sijui."

"Basi unajuaje alisema nini? Na bwana yako ndiye aliiweka. Kama ni uongo, mbona haitoe?"

Fawzia alirudi ndani akamweleza mumewe maneno yale kama yalivyo, akitumaini kwamba angalau haya yatamgusa.

"Ndiyo taabu yake," alisema Imad. "Nikiitoa sasa, watasema serikali imeninunua."

Mazishi yalifanyika na watu kumi, idadi iliyoruhusiwa, wengine wakitazama kwenye Zoom. Goreth alimchagua Fawzia awe mmoja wa wale kumi. Fawzia alisimama makaburini kwenye upepo mkali, akiwaza kwamba mama huyu hajui, na kwamba mtu anayestahili kumwambia hana mpango wa kumwambia. Kesho yake akashuka, akabisha kwa Goreth.

Goreth alitoa kiti cha plastiki akakiweka nje, naye akakaa kizingitini. Alimwacha Fawzia aanze, aparaganye maneno, kisha akamkatiza.

"Mama Umi, ninajua. Médiatrice alinipigia kutoka Adelaide. Mtoto wangu aliona mapaja ya mama yake kwenye simu ya mutu wa kazini kwake. Alilia kushinda siku alisikia baba yake amekufa."

"Wanasema ulikuwa unalilia sindano."

"Nililia soksi."

Fawzia alidhani hakusikia vizuri.

"Siku wale watu walikuja kumuchukua," Goreth alisema, "soksi yake ilikuwa na maji, nilikuwa nimeifua. Na baridi ile. Nikamuvalisha yangu, ya pinki, ya sufu. Yeye akacheka, akasema wataniona mimi ni mwanamuke. Nikamuambia nenda nayo, utanirudishia. Sasa pale uani, opitali wananiambia amekufa, mimi nikaona miguu yake tu. Nikasema, Vénérand, nani atakutoa soksi? Nani atakutoa soksi? Ni hiyo tu nilisema. Hakuna sindano, hakuna serikali."

Alipangusa magoti yake kama mtu aliyekuwa akichambua mchele.

"Mwambie Baba Umi aje. Sitamutukana. Nataka aniangalie na macho yake, si na simu."

Imad alikubali upesi kuliko Fawzia alivyotarajia. Alivaa kanzu, kofia, na koti lake la harusi juu. Waliposhuka pamoja, Fawzia alifikiri pengine aibu imemfikia hatimaye, na kwa muda ule moyo wake ulimlainikia kidogo.

Imad alisimama uani, mbele ya kizingiti. "Mama yangu mpenzi," alianza, "nimekuja mbele yako na mbele ya Mwenyezi Mungu..." Sauti ilipanda, ikashuka, ikasita mahali pa kusita. Fawzia aliijua sauti ile. Aliwahi kuisikia kwenye kumbi za Tanga, ikimkaribisha bibi harusi. Imad alipiga goti. Akatoa leso. Machozi yalimtoka kweli, naye akageuza uso kidogo ili mwanga umpate.

Hapo Fawzia akalitazama lile koti. Kwenye mfuko wa kifuani simu ilikuwa imesimama wima, jicho la kamera limechungulia juu ya ukingo, linamtazama Goreth.

"Mfukoni kuna nini?" aliuliza.

Imad akaugusa mfuko. "Simu tu."

"Inarekodi?"

"Wallahi hairekodi."

Fawzia akaingiza mkono akaichomoa. Namba za muda zilikuwa zinakimbia, na kando yake kilikuwapo kidoa chekundu cha kurekodi. Aliishika kwa ncha za vidole, mbali na mwili wake, kama anavyoshika shuka lililochafuliwa na mgonjwa.

"Nilitaka waone nimeomba radhi," Imad alisema, bado kapiga goti. "Watu wananitukana, Fawzia, wengine wamejua ni mimi. Nilitaka waone kwamba mimi ni mtu mzuri."

Goreth aliinuka. "Nipe mimi," alisema.

Aliishika juu chini, Fawzia akamgeuzia. "Inasikia?"

"Inasikia, mama."

Basi Goreth akaiambia simu, kwa Kiswahili kisha kwa Kirundi, kwamba yeye ndiye yule mwanamke wa uani, kwamba mumewe hakupata sindano kwa sababu zamu yake haikufika, kwamba alilia soksi, na kwamba wanaocheka waendelee, lakini wasimtilie maneno mdomoni. Alisema bila kulia, kitenge amekifunga mara mbili kiunoni. Kisha akamrudishia Imad simu yake.

"Weka hiyo. Kama uliweka ile. Hapa, nikiona."

Imad aliiweka palepale.

Hakuna aliyeitazama. Watu wa jengo lao waliiona, na Warundi wachache wa Brisbane, na mtu mmoja akaandika kwamba mama huyu amelishwa maneno na waliomnunua. Mwisho wa wiki Fawzia alimsikia Maxwell kwenye spika.

"Hiyo haiwezi kwenda popote, buda. Mama ameongea vizuri, amefunga stori. Nani atatuma hiyo? Na kusema ukweli, pole yake, lakini ile ya kwanza ilikuwa dhahabu. Kilio huelewi, kila mtu anaweka chake. Wanaochukia chanjo wanaituma, wanaochukia Waafrika wanaituma, wa kucheka wanaituma."

"Maxwell," Fawzia alisema kutoka kwenye sinki, "una mama?"

"Niko naye, Mama Umi. Yuko Kakamega."

"Haya."

Maxwell akaaga. Hakupiga tena wakati Fawzia yupo.

Goreth alipouliza ni wangapi wameona maneno yake, Fawzia hakumficha. Bibi yule akatikisa kichwa, akaingia ndani kuchukua barakoa na kujitanda shuka begani, akapanda ngazi polepole akishika ukuta. Alibisha kwa Murhula. Kupitia mwanya wa mnyororo alimsimulia habari ya soksi toka mwanzo hadi mwisho, na Murhula alipoanza kubisha kwamba yeye ameona kwa macho yake, Goreth akamwambia, "Uliona mimi, au uliona simu? Mimi niko hapa. Niulize." Murhula aliuliza maswali mengi, mengine ya kijinga, na Goreth aliyajibu yote amesimama kwenye korido ya baridi. Jumamosi walipanda basi wote wawili, kila mmoja kiti chake, Murhula akinung'unika njia nzima. Alichomwa sindano. Mkono ulimuuma siku mbili, naye akahakikisha kila mtu amejua.

Imad aliifuta video ile mwishoni mwa Septemba, namba zilipoacha kupanda. Wakati ule ilikuwa na wana na wajukuu: yenye muziki, yenye mbwa aliyebandikwa akibweka, yenye kijana wa nchi fulani aliyelala chini kwake sebuleni na kumwigiza Goreth huku kajifunga taulo. Hiyo ya taulo ndiyo iliyotazamwa kuliko zote. Aliyeiweka mtandaoni hakujua hata kwamba kulikuwa na mtu aliyekufa.

Fawzia alihamia chumba cha Umi. Hakugombana. Alijaribu, kwa kweli alijaribu. Alijiambia kwamba mume wake amekosa kazi, amekosa jina, lokdauni imewageuza watu. Yote yalikuwa kweli. Lakini Imad akimtilia chai, haikupita kooni. Akikaa karibu naye kwenye kochi, ngozi ilimsisimka kama imepitiwa na kiwavi. Imad alianza kuswali kwa wakati, akaacha kurekodi, akajitolea kupika, na Fawzia aliona juhudi zote hizo akazipima moyoni, akakuta kinyaa hakijapungua hata chembe.

Oktoba, vizuizi vilipoondolewa, alimwambia anataka waachane. Mipaka ya majimbo ilipofunguliwa, Médiatrice akaja kumchukua mama yake. Goreth aliondoka Mount Druitt na mabegi mawili, bila kumuaga Imad.

Ndugu wa pwani ni wachache Sydney, na jambo la nyumba moja ni la wote. Mzee Abdulhakim wa Mombasa, ambaye ndiye aliyekuwa akisuluhisha ndoa zao, alimpigia Fawzia mchana mmoja akiwa nje ya kituo cha treni.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "nimezungumza na Imad. Analia kama mtoto. Nikuulize: anakupiga?"

"Hanipigi, sheikh."

"Anakunywa? Ana mwanamke?"

"Hapana."

"Basi kosa lake nini?"

"Namwonea kinyaa."

Abdulhakim akashusha pumzi. "Kinyaa, mwanangu, hupita. Kinyaa si sababu ya kuvunja nyumba. Mtu kapiga picha, kakosea, kafuta, katubu. Watu siku hizi wanapiga picha kila kitu."

"Sheikh, wewe uliiona ile video?"

"Niliiona. Nani hakuiona?"

"Ukafanya nini?"

Upande wa pili kulikuwa na kikohozi, kisha sauti ya kiti kikisogezwa.

"Ulimtumia mtu?" Fawzia aliuliza.

"Watu wachache tu," alisema Abdulhakim. "Jamaa wa nyumbani. Niliwatumia wapate mazingatio."

Fawzia aliiondoa simu sikioni, akaitazama, sauti ya mzee ikiendelea ndogo ndogo ndani yake, ikieleza. Kisha akakata. Treni ya Quakers Hill ilikuwa inaingia, na huko kulikuwa na fleti ya vyumba viwili, ya kupanga yeye na Umi, aliyoahidiwa kuonyeshwa. Alivuta barakoa ikafunika pua vizuri, akapanda.